Habari za Vyombo vya Kale vya Kunywea: Tangu Vibuyu vya Wakama hata Kalisi za Misioni

Katika kitabu cha jubilei huandikwa kwanza habari za watu: maaskofu, mapadre, masista, walimu na makatekista waliotutangulia. Kisha huandikwa habari za majengo, yaani makanisa, shule na hospitali. Hayo yote ni haki. Walakini wako mashahidi wengine wa zamani zetu ambao hawasemi, nao hukaa kimya ndani ya makabati ya sakristia na pembeni mwa nyumba za wazee. Mashahidi hao ni vyombo: kalisi na siborio, vibuyu na vyungu, na vikombe vya mti vilivyochongwa kwa mkono. Sisi tukaao Rwamishenye, penye njia itokayo mjini Bukoba kwenda Muleba, twaona jinsi mizigo ya vyuma chakavu inavyopita kila siku kwenda kuuzwa kwa kilo. Wala hakuna ajuaye ni vitu gani vya thamani vimekwisha kupita katika magunia yale. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia waamini na walimu habari za vyombo hivi, vilikotoka, jinsi ya kuvitambua, na kwa nini yatupasa kuvitunza.

Vyombo vya baba zetu

Fedha haichimbwi katika Buhaya, wala baba zetu hawakuwa na vikombe vya fedha. Walakini ufundi wao wa vyombo ni wa zamani mno. Wachimbaji wa mambo ya kale walipochimba Katuruka, katika nchi ya Maruku, katika miaka ya 1970, walikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zipatazo umri wa miaka elfu mbili, pamoja na vigae vya vyungu vilivyonakshiwa vizuri. Vyungu vya namna hiyo wataalamu huviita vya Urewe, kwa jina la mahali fulani magharibi ya Kenya. Basi watu waliokaa nchi hii zamani zile walijua kufinyanga chombo chenye umbo la kupendeza, wakakitia nakshi, ijapokuwa maji yangeweza kunyweka katika chungu kisicho na nakshi hata moja.

Chombo kilichojulikana kuliko vyote katika Buhaya ni kibuyu cha rubisi. Pombe hii hufanywa kwa ndizi zilizoivishwa, zikakanyagwa pamoja na majani ndani ya mtumbwi wa mti, kisha maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa usiku kucha ichachuke. Kibuyu chake kina shingo nyembamba, nacho hutiwa mrija. Tena kunywa kulikuwa na utaratibu wake. Mwenye nyumba huonja kwanza, ili mgeni aone ya kuwa hakuna hila. Sehemu ya kila pombe iliyopikwa ilipelekwa kwa Mukama au kwa mkubwa wa nchi, nayo nyingine iliwekwa kwa ajili ya wazee waliokufa. Kwa hiyo kibuyu hakikuwa chombo tu cha kuzuia kinywaji kisimwagike. Kilionyesha nani ni mkubwa, nani ni mgeni, na nani ni jirani aliyepatanishwa. Watu wawili waliokuwa na ugomvi walipokunywa pamoja, majirani walijua ya kuwa neno limekwisha.

Hazina ya Karagwe

Wengine hudhani ya kuwa kukusanya vitu vya kale na kuviweka katika nyumba maalum ni desturi iliyoletwa na Wazungu. Habari za Karagwe zatuonyesha sivyo. Mukama Rumanyika alikaa Bweranyange, na Mwingereza John Hanning Speke pamoja na mwenzake James Grant walifika kwake mwezi wa Novemba mwaka 1861. Grant aliugua mguu akabaki huko miezi kadhaa, hata mwaka 1862. Mwaka 1876 akafika Henry Morton Stanley, naye akaonyeshwa nyumba ya hazina ya Mukama, akaandika habari zake katika kitabu chake cha safari.

Alivyoviona humo ni vingi: mikuki, sanamu za bata za shaba, sanamu za ng'ombe zisizo na vichwa, nguo za majani zilizofumwa kwa ustadi, bunduki iliyotolewa na Speke kuwa zawadi, na pamoja na hayo vikombe vya kunywea, sahani na vyombo vya maziwa vya mti vilivyochongwa. Mgeni yule alisifu ufundi wa vyombo vile. Na tuangalie neno hili: kikombe cha mti kiliwekwa nyumba moja na mikuki ya ufalme. Wafugaji wa Karagwe waliheshimu maziwa, na kwa hiyo waliheshimu chombo chake. Tena vitu vya chuma vya ufalme huo vilihesabiwa kuwa kazi ya zamani za Ndagara, baba yake Rumanyika, ambaye alisifiwa kuwa mfua chuma. Basi mwana alitunza vya baba yake, akaongeza vya wageni wake. Hiyo ndiyo maana ya hazina: si wingi wa mali, bali mambo ya jana kuwekwa mahali ambapo watu wa kesho wataweza kuyaona.

Fedha ilivyofika

Njia za biashara zilifika Karagwe kabla ya Wazungu. Waarabu walikuwa na kituo Kafuro, karibu na Bweranyange, nao walileta nguo, shanga na shaba, wakachukua pembe za ndovu. Huko pwani, katika Unguja na Lamu, mafundi wa fedha walifua mapambo na vyombo, kama mirashi ya kunyunyizia marashi, na mara nyingi mali yao ilikuwa riale zilizoyeyushwa. Riale iliyojulikana sana ni ile ya Malkia Maria Theresa wa Austria, yenye mwaka 1780 hata zile zilizopigwa miaka mingi baadaye. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu elfu, fedha safi ni sehemu 833.

Katika Buhaya watu walinunua na kuuza kwa kauri. Emin Pasha alipojenga boma la Wadachi Bukoba mwaka 1890, ikaja rupia ya fedha yenye kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili, ambayo ilianza kupigwa mwaka ule ule. Rupia ilikuwa na uzito wa gramu 11 na zaidi ya nusu, na fedha safi sehemu 917 kati ya elfu. Baada ya vita, katika utawala wa Waingereza, ikaletwa shilingi ya mwaka 1921, ambayo fedha yake ilikuwa robo tu. Twaandika hesabu hizi kwa sababu wengi huona sarafu yoyote nyeupe ya zamani wakasema ni fedha tupu, na wengine huona rupia iliyokuwa nyeusi wakaitupa kuwa ni bati. Wote wawili wamekosa.

Kalisi za kwanza

Mwezi wa Januari mwaka 1892 palikuwa na vita Mengo katika Buganda, na Wakristo wengi pamoja na mapadre wao wakakimbilia upande wetu. Mwisho wa mwaka ule Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadre Weupe, wakiongozwa na Askofu Hirth, walianzisha misioni ya Kashozi. Shirika hilo lilianzishwa na Askofu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Katika mizigo iliyobebwa vichwani tangu pwani, hakuna misioni iliyoweza kukosa sanduku la Misa: misale, mavazi, jiwe la altare, patena na kalisi.

Kwa sheria ya Kanisa ya zamani zile, kikombe cha kalisi hakikuweza kuwa cha mti, wala cha kioo, wala cha udongo. Desturi ilikuwa kikombe chenyewe kiwe cha dhahabu au cha fedha, na ndani kipakwe dhahabu. Mguu wake uliweza kuwa wa madini hafifu. Ndiyo sababu kalisi nyingi za misioni zina kikombe cha fedha halisi, lakini mguu wake ni shaba nyeupe au ya njano iliyochovywa fedha tu. Hata leo, agizo lililotolewa Roma mwaka 2004 lakataza vyombo vya kioo, vya udongo na vyote vivunjikavyo upesi. Walakini maelekezo ya Misale yaruhusu, kwa idhini ya maaskofu wa nchi, miti migumu yenye heshima kama mpingo itumiwe kwa vyombo vitakatifu, maadamu kikombe cha divai kiwe cha kitu kisichonyonya maji. Basi mguu wa kalisi waweza kuchongwa kwa mti wa kwetu, na fundi wa Buhaya hana sababu ya kufikiri ya kuwa kazi yake haifai mezani pa Bwana.

Jinsi ya kusoma alama

Chombo cha fedha cha Ulaya kina maandishi madogo yaliyopigwa kwa nyundo, ambayo mtu asiyezoea huyadhani kuwa ni mikwaruzo. Mwalimu mwenye kioo cha kukuza aweza kuyasoma, na kwa hayo ajue chombo kilifanywa wapi.

Kalisi za Ufaransa hupigwa alama ya kichwa cha Minerva, mwanamke aliyevaa kofia ya vita. Alama hiyo ilianza mwaka 1838. Ikiwa karibu na kichwa kuna namba 1, fedha safi ni sehemu 950 kati ya elfu. Ikiwa ni namba 2, ni sehemu 800. Mara nyingi alama hupigwa ukingoni mwa kikombe. Kalisi za Ujerumani zilizofanywa tangu mwaka 1888 zina mwezi mchanga na taji, pamoja na namba ya fedha, ambayo kwa kawaida ni 800 au zaidi. Vyombo vya Uingereza vina simba anayetembea, maana yake fedha sehemu 925. Tena kuna alama ya mji, kama kichwa cha chui kwa London na nanga kwa Birmingham, na herufi moja inayoonyesha mwaka.

Lakini chombo chenye herufi EPNS si cha fedha. Ni madini ya shaba, nikeli na zinki yaliyochovywa fedha kwa nguvu ya umeme. Kazi hiyo ilienea baada ya kampuni ya Elkington ya Uingereza kupata hati yake mwaka 1840. Hata ile iitwayo fedha ya Kijerumani haina fedha ndani yake hata chembe. Hatusemi ya kuwa chombo cha kuchovywa hakina heshima. Kalisi ya shaba iliyotumika Misa ya kwanza ya parokia ni ya thamani kwa parokia hiyo kuliko ya dhahabu iliyonunuliwa jana. Twasema tu ya kuwa yafaa mtu ajue alicho nacho.

Zaidi ya alama za mafundi, na tutazame chini ya mguu. Huko mara nyingine huandikwa jina la aliyetoa chombo, au mwaka, au mji alikotoka padre. Maandishi hayo yana bei kuliko madini yenyewe, kwa kuwa hayapatikani katika kitabu kingine chochote. Nayo hufutika. Fedha hugeuka nyeusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani, na watunza sakristia wenye bidii huisugua kwa majivu au mchanga mpaka ing'ae. Kila wasuguapo hivyo, fedha kidogo huondoka, na dhahabu ya ndani huondoka upesi zaidi. Yatosha kutumia kitambaa laini, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha kukausha vema na kuviringisha ndani ya nguo safi.

Vilivyopotea

Sasa twafika kwenye jambo la huzuni. Tarehe 22 na 23 Juni mwaka 1915, majeshi ya Waingereza yaliyovuka ziwa kutoka Kisumu yaliushambulia mji wa Bukoba, yakabomoa boma na mnara wa simu ya upepo, na mji ukatekwa nyara. Katika zamani za Wadachi vitu vingi vya nchi yetu vilichukuliwa kwenda Ulaya, vingine kwa kununuliwa, vingine kwa zawadi, na vingine kwa nguvu. Makumbusho ya Berlin yana maelfu ya vitu vilivyotoka Tanzania. Mwaka 2024 lilifunguliwa huko Humboldt Forum onyesho la historia ya Tanzania, lililoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa letu, na mazungumzo juu ya vitu hivyo yamekuwa ya wazi.

Walakini si vyote vilivyochukuliwa na wageni. Mamlaka ya machifu yalipofutwa mwaka 1963, nyumba za Wakama zilikosa watunzaji, na vitu vyake vikatawanyika. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakateka mali na mifugo. Magofu ya kanisa la Kyaka yashuhudia vita vile. Tena tarehe 10 Septemba mwaka 2016 tetemeko la ardhi liliua watu na kubomoa nyumba nyingi katika Bukoba na pande zake. Mahali ambapo ukuta umeanguka na hakuna daftari la vitu, nani aweza kusema ni nini kilikuwamo kabatini?

Je, yafaa kuviuza?

Hapa huulizwa swali la haki, wala tusilikwepe. Parokia ina bati lililooza, watoto hawana madawati, na kabatini kuna kalisi tatu za zamani zisizotumiwa. Kwa nini zisiuzwe? Wenye kusema hivyo wana shahidi mkubwa. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, baada ya vita vya Adrianople vya mwaka 378, aliamuru vyombo vya kanisa viyeyushwe ili kuwakomboa watu waliotekwa. Wengine wakamlaumu, naye akajibu ya kuwa ni heri Kanisa lihifadhi roho za watu kuliko dhahabu.

Nasi twakubali neno lake. Lakini na tuangalie alichofanya. Alikomboa watu waliokuwa hatarini kufa au kuwa watumwa. Aliyeyusha kwanza, ili chombo cha altare kisitumiwe kwa anasa. Naye alifanya hadharani, akaeleza sababu. Hayo ni mbali na mtu mmoja kuuza kalisi usiku kwa mgeni asiyejulikana. Tena na tufanye hesabu. Tuseme kikombe cha kalisi kina uzito wa gramu 200, na alama yake ni 800. Fedha safi iliyomo ni gramu 160 tu. Anunuaye kwa uzito atalipa hizo gramu, wala hatalipa kitu kwa ajili ya padre aliyeibeba, wala kwa wakristo waliobatizwa mbele yake. Bati jipya litapata kutu baada ya miaka, na kalisi haitarudi.

Ndiyo maana Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1283, yaamuru kila msimamizi wa mali kuwa na orodha kamili ya vitu vya thamani na vya urithi, na katika kanuni ya 1292 yasema ya kuwa vitu vyenye thamani kwa ajili ya ufundi au historia haviwezi kuuzwa bila ruhusa ya Roma. Serikali nayo ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo yazuia vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali.

Tena nchi nyingine zatufundisha. Mwaka 1868, huko Ardagh katika Ireland, kijana aliyekuwa akichimba viazi alikuta kalisi ya fedha iliyofukiwa, kazi ya karne ya nane, yenye majina ya mitume yaliyochorwa. Leo imo katika makumbusho ya Dublin, na kila mtoto wa Ireland aijua. Kama ingaliuzwa kwa fundi wa kuyeyusha, ingalikuwa vijiko vichache.

Kazi iliyo mbele yetu

Basi twawaomba wazee wa parokia na walimu wafanye mambo machache yasiyo na gharama. Kwanza, liwekwe daftari la vyombo, na kila chombo kiandikwe jina lake, kimo chake, uzito wake, alama zake na maandishi yake, pamoja na picha. Nakala moja ikae parokiani na nyingine kwa Askofu, ili moto au tetemeko lisiziangamize zote mbili. Pili, waulizwe wazee wangali hai: kalisi hii ilitolewa na nani? Kibuyu hiki kilitumika katika arusi ya nani? Majibu yaandikwe siku ile ile, kwa maana kumbukumbu ya mzee haina nakala. Tatu, walimu wawatume watoto kuleta, si vyombo vyenyewe, bali habari za vyombo vilivyomo nyumbani kwao: kibuyu cha babu, chungu cha bibi, rupia iliyofungwa kitambaani. Nne, kalisi ya zamani isiachwe kabatini mwaka mzima. Ikiwa nzima na dhahabu yake haijaondoka, itumiwe siku ya somo wa parokia, na katekista awaeleze watu habari zake kwa maneno machache.

Rumanyika alitunza kikombe cha mti pamoja na mikuki ya ufalme wake. Mapadre wa kwanza walibeba kikombe cha fedha kwa miguu tangu pwani hata ziwani. Vyombo vyao vingi vimepotea, na vilivyosalia vimo mikononi mwetu, tena si vingi. Kazi ya daftari yaweza kuanza Jumapili hii baada ya Misa, kwa kalamu moja na kioo cha kukuza.